Maji Niliyaweka

Kwa Nekesa, ambaye ameshaamua.

Umeenda kuwaaga wenzako wa kwaya na sanduku lako umeliacha wazi kitandani. Barua hii nitaiweka juu ya nguo, uione kabla hujafunga. Sikuandikii kwa upole. Ningetaka tuseme kwa mdomo, lakini tangu Jumapili nikifungua mdomo matusi ndiyo yanatangulia, na wewe hujui kunyamaza, na mimi nikijibiwa mkono unaniwasha. Umekuwa mkubwa mno kupigwa. Kwa hiyo nimekaa jikoni, dirisha bado lina mwanga, naandika.

Mambo ya kula na kulala sitayataja. Senge wako, dada wa baba yako, yuko hapo hapo Bungoma unakokwenda na atakueleza hata usichouliza. Mambo ya wanaume pia unayajua, au unadhani unayajua, na mimi sikuwa na akili zaidi yako nilipokuwa na umri wako. Ninataka kusema jambo moja tu.

Jumapili tulikuwa tunachambua maharagwe. Nikakuuliza kwa mara ya mwisho kwa nini lazima uende kujifunza ufundi wa magari kwa baba yako, wakati Kitale hii imejaa garaji. Ukasema yeye ndiye fundi wa turbo anayejulikana kutoka Malaba mpaka Webuye. Nikakuambia huyo fundi namjua kuliko wewe. Ukaweka ungo chini, ukaniangalia, ukasema, "Lakini Mama, si ni wewe ulisahau maji?"

Hukusema kwa hasira. Ungesema kwa hasira ningekusamehe. Ulisema polepole, vile mtu anataja kitu ambacho kila mtu anakijua, kama vile unaniambia mvua ya masika imechelewa. Hapo nikaelewa kwamba miaka yote niliyokupeleka likizo kwa watu wa baba yako, ulikuwa unalishwa hiyo hadithi pamoja na ugali.

Nekesa, maji niliyaweka. Sasa soma.

Nilipokutana na baba yako Wafula alikuwa fundi mzuri. Ningependa kumnyima hilo lakini siwezi. Gari lilikuwa linapita barabarani yeye amekaa, anainamisha kichwa upande mmoja, anasema silinda gani inaumwa. Mimi nilikuwa nauza vipuri dukani hapa mjini, na nilijua majina ya vitu vya gari kabla sijajua kuliendesha. Yeye ndiye alinifundisha kuendesha. Ukimsikia akijisifu kwa hilo, ni kweli.

Wewe ulikuwa hujaanza shule tulipochukua lile gari jeupe. Mzee mmoja Mzungu mwenye shamba upande wa Endebess alikuwa anauza kila kitu arudi kwao, na hilo gari hakuna mtu aliyelitaka kwa sababu lilikuwa limeshawashinda mafundi wawili. Lilikuwa saluni ya Kijapani, nyuma limeandikwa TURBO kwa herufi nyekundu. Majirani wakatuuliza kama tumeanza kubeba abiria wa kwenda Turbo, ule mji wa njia ya Eldoret. Baba yako alicheka mpaka akakaa chini. Naliandika hili kwa sababu ni kweli pia. Siku zile tulikuwa tunacheka.

Turbo utafundishwa na yeye, lakini nataka uisikie kwangu kwanza. Ni feni ndogo inayozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nayo inasukuma hewa kwa nguvu irudi ndani. Gari linaruka kama limesukumwa mgongoni. Lakini hewa ukiishindilia hivyo inapata moto, na petroli yetu miaka ile watu wasiomwogopa Mungu walikuwa wanaichanganya na mafuta ya taa. Ukiweka petroli mbaya kwenye hewa ya moto inalipuka yenyewe kabla ya wakati wake. Ukiwa ndani unasikia kama mahindi makavu yanakaangwa chini ya boneti. Mafundi wanasema injini inanoki. Ukiendelea kukanyaga, pistoni inayeyuka.

Ya kwetu iliyeyuka tukipanda kwenda Kapenguria. Baba yako alipofungua injini alitoa pistoni yenye tundu katikati, kidole kinapita. Alikaa siku nzima ameishika mkononi. Mimi ndiye niliyemkumbusha maneno ya yule mzee wa Endebess. Alipotukabidhi funguo alikuwa amesema kwamba katika ujana wake ndege za vita zilikuwa zinapuliziwa maji ndani ya injini ili zisiungue. Baba yako alikuwa amedhani mzee anachanganyikiwa.

"Maji ndani ya injini?" akasema. "Rosa, unataka tuiue mara ya pili?"

Nikamwambia, "Si mengi. Ukungu tu. Maji yakigeuka mvuke yanakula moto."

Tukajaribu. Tangi lilikuwa la maji ya kuoshea kioo, na pampu yake ndogo, tulivitoa kwenye gari lililokufa. Ncha ya kunyunyizia tuliitoa kwenye bomba la kupigia ng'ombe dawa ya kupe, bomba la baba yangu, na hakuwahi kujua lilipotelea wapi. Tukaweka swichi inayosikia presha, ili turbo ikianza kusukuma, pampu iamke yenyewe na maji yapite kwenye mpira mwembamba mpaka mahali hewa inapoingilia. Siku ya kwanza yalikuwa mengi, gari likakohoa kama mvuta tumbaku na kuzima. Tukabadilisha ncha. Nilikuwa nashika kikombe chini yake, yeye anatazama saa, tunapima kinachotoka, tunabishana, tunapima tena. Vile vipimo anavyovitumia mpaka leo katika garaji yake vilitoka kwenye kikombe nilichokishika mimi.

Kisha tukaupanda tena ule mlima wa Kapenguria. Mimi ndiye nilikuwa kwenye usukani. Tulipofika pale ambapo mahindi yalikuwa yanaanza kukaangwa, hakukuwa na sauti yoyote isipokuwa magurudumu. Baba yako akageuka, akaniambia, "Imenyamaza, bana. Imenyamaza!" Akashika mkono wangu juu ya gia na hakuuachilia mpaka juu.

Nakuambia haya ili usidhani nilimchukia tangu mwanzo. Nilimchukia baadaye, na nilikuwa na sababu.

Akaja akasema maji matupu hayatoshi, yanataka spiriti. Spiriti ya dukani haikuwa rahisi kupata, kwa hiyo akawa analeta chang'aa, pombe kali ya kienyeji, kutoka kwa shangazi yake. Ilifanya kazi, siwezi kudanganya. Ila injini ilikuwa inapata nusu na yeye nusu. Siku moja karibu na Kiminini askari wa barabarani alifungua boneti kutafuta kosa, harufu ikampiga usoni. Akaniuliza, "Mama, ati hii gari inakunywa?"

Nikamjibu, "Afande, inakunywa lakini haimshindi mwenyewe."

Askari alicheka akatuachia. Baba yako hakucheka. Alitazama nje ya dirisha mpaka Kitale. Nilidhani ni aibu ya pombe. Ilikuwa kitu kingine, na ningekuwa na macho ningekiona siku ile.

Kuendesha nilikuwa namshinda. Mikono yake ilikuwa ya spana, lakini barabarani alikuwa mtu wa hasira, anakanyaga mpaka chini halafu analaumu gia. Watu wa harusi wakaanza kunitafuta mimi. Walitaka gari jeupe, na walitaka mwanamke anayejua kuepuka mashimo ili bibi harusi afike na shada lake kichwani. Mara nyingine baba yako alikwenda yeye, nao wakamuuliza mlangoni, "Mama Nekesa yuko wapi?" Gari lenyewe likaanza kuitwa hivyo, gari la Mama Nekesa.

Baba yako mdogo, yule Barasa, unamjua mdomo wake. Tulikuwa tunakula kwa kukhu wako, mama wa baba yako, karibu na Kibabii, watu wengi wamekaa, Barasa akasema, "Wafula, kwani katika hii gari siku hizi wewe ni nani? Turniboi wa kumbebea dereva spana?" Wote wakacheka, hata kukhu. Mimi pia nilicheka, Nekesa. Baba yako aliendelea kula bila kuinua kichwa.

Baada ya hapo nyumba yetu ikawa ya vita. Alitaka tuuze gari. Nikakataa. Alisema hawezi kutengeneza kitu kinachowapandisha wengine kichwa. Nikamwambia basi aache kutengeneza, nitajifunza mwenyewe. Niliyasema hayo nikijua yatamchoma mahali gani. Ukiishi na mtu unajua nyama yake laini iko wapi, na mimi nilimpiga hapo hapo, si mara moja.

Ndipo ikaja harusi ya Cheptais.

Bibi harusi alikuwa wa Bungoma mjini, na kanisa lilikuwa la upande wa bwana harusi, juu Cheptais. Tulilala kwa kukhu wako ili tusichelewe. Asubuhi nilichota maji kisimani, matupu bila chang'aa, nikayachuja kwa kitambaa, nikajaza tangi kwa jagi mpaka yakafika shingoni, nikafunga kifuniko. Baba yako alikuwa amesimama hapo akijifuta mikono. Akaniuliza, "Umejaza?" Nikamjibu, "Nimejaza." Nakuomba uyakumbuke hayo maneno mawili. Aliniuliza, nikamjibu, jua likiwa limeshatoka na hakuna aliyelewa.

Nikambeba bibi harusi, msimamizi wake, na shangazi yake mmoja mkubwa aliyejaza kiti cha mbele. Nyuma yangu baba yako aliendesha pikapu ya Barasa, imejaa kina mama wa nyimbo. Tulienda vizuri mpaka tukapita Sirisia. Baada ya Sirisia, unajua, barabara inaanza kupanda kuelekea mlimani na haina huruma. Nikakanyaga mafuta, turbo ikaamka, na nikasikia mahindi.

Hayakuwa mengi. Yalikuwa machache, kama mtu anatikisa mkebe. Nikapunguza, yakanyamaza. Yule shangazi, ambaye l na r zinabadilishana mdomoni mwake, akaniambia, "Mayi, mama yangu, mbona unaregarega? Padri anangoja." Nyuma baba yako akapiga honi, akapiga tena, kina mama wakapiga kelele kwa furaha wakidhani ni shangwe. Nikajiambia, tangi nimelijaza mwenyewe, haiwezi kuwa kitu. Nikakanyaga tena.

Hilo ndilo kosa langu la kwanza siku ile, na ndilo ninalolirudia kila ninapokosa usingizi. Masikio yangu yaliniambia, nikayakatalia kwa sababu nilikuwa nimeona tangi limejaa. Maji kuwa ndani ya tangi si maji kufika kwenye moto.

Injini ilipasuka kwa mlio mmoja. Moshi wa bluu ukatufunika. Gari likaserereka kidogo likasimama, nikavuta breki ya mkono, tukashuka tukikohoa. Bibi harusi alisimama kando ya barabara katika nguo yake nyeupe, vumbi linampanda, watoto wa mashamba ya karibu wanakuja mbio kumtazama. Shangazi akaanza. "Hii gali imekufa? Siku ya reo? Ati imekufa?" Alirudia mpaka sauti ikakatika.

Pikapu ikafika. Baba yako akashuka. Hakuja kwangu, wala hakuniuliza kama nimeumia. Alisimama mbele ya gari, mikono kiunoni, akawaambia wale kina mama, "Hakuweka maji. Nilimuuliza. Mwanamke na turbo, bana!"

Kisha ndipo akafungua boneti.

Soma tena huo mstari. Mimi ulinichukua muda kuuona. Alisema kwanza, halafu akafungua. Na alipofungua alitazama muda usiotosha hata kupiga chafya, akaifunga.

Mjomba wa bibi harusi alinijia, mtu mzima mwenye koti, akaniambia, "Mama, umetuaibisha." Watu wote walikuwa wananitazama, na bibi harusi alikuwa ameanza kulia, na fundi alikuwa ameshasema. Nikasema, "Nisameheni. Labda nilisahau."

Labda nilisahau! Na mikono yangu bado ilikuwa inanuka maji ya kisima. Sijui kwa nini nilisema. Nimejiuliza miaka yote hii. Nadhani nilitaka ile midomo inyamaze, nilitaka yule msichana aache kulia, na kuomba msamaha kulikuwa karibu kuliko kujitetea. Wanawake wa umri wangu tulifundishwa hivyo, tuombe kwanza halafu tufikiri. Hilo ndilo kosa la pili, na ndilo kubwa.

Wakampandisha bibi harusi mbele kwenye pikapu, kando ya baba yako. Shangazi akabanwa nyuma na kina mama. Wakaondoka wakipiga vigelegele. Waliniacha kwenye mlima ule peke yangu na gari linalofuka moshi, na wale watoto, ambao nao walichoka wakaenda.

Sikuwa na la kufanya, basi nikafungua boneti. Nikafungua kifuniko cha tangi ili nione hayo maji niliyoyasahau. Yalikuwa shingoni. Toka Kibabii mpaka pale, kupanda kote kule, hayakuwa yamepungua hata funda moja.

Nilitoa spana kwenye buti. Nikafungua mpira pale unapoungana na pampu, mahali pa chini nyuma ya betri ambapo mkono unaingia kwa shida. Ndani kulikuwa na goroli. Goroli la beringi, dogo, zuri, limepakwa grisi na kusukumwa kwa makini mpaka likakaa kama kizibo. Halikuingia lenyewe. Maji niliyachuja kwa kitambaa, na goroli la chuma haliogelei.

Nilikaa chini kwenye nyasi. Sikulia. Nilikuwa na hasira mpaka meno yakaniuma.

Nililiacha gari pale nikarudi Kitale, na yeye akafika nyumbani kesho yake mchana, bado ananuka harusi. Nilimwekea goroli mezani mbele ya chai.

"Hiyo ni nini?"

"Ni yako."

"Goroli ni nyingi dunia hii."

"Uliniuliza kama nimejaza. Nikakuambia nimejaza."

Akakoroga chai. Akasema bila kupandisha sauti, "Ulijaza, ama ulidhani umejaza? Si wewe mwenyewe umekiri mbele ya watu?"

Hapo aliniweza. Kila nilipokwenda baada ya hapo nilikutana na maneno yangu mwenyewe yamenitangulia. Nilikwenda kwa kukhu wako, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Lakini mwanangu, si ulisema ulisahau?" Nilikwenda kwa mzee wa kanisa letu, akaniambia nisitafute kisingizio, na kwamba kukubali kosa ni jambo jema, akanisifu kwa kulikubali. Hata dukani walianza kuniita Mama Maji. Harusi zikaisha. Nani amkabidhi bibi harusi kwa mtu anayesahau?

Wafula alilifunga gari kwa mnyororo nyuma ya lori, akalivuta mpaka Bungoma, na yeye akabaki huko huko. Akalijengea injini nyingine, akarudisha vile vitu vyote, tangi, pampu, ncha ya dawa ya kupe, akaliegesha mbele ya kibanda chake. Wenye magari ya turbo wakaanza kumfuata kutoka kila upande. Ndivyo jina lake lilivyoanza. Wewe ulilikuta limeshakua.

Utaniuliza kwa nini sikukuambia. Nilijidanganya kwamba mtoto hapaswi kubebeshwa ugomvi wa wazazi. Nilidhani nikinyamaza nitaonekana mtu mkubwa. Hakuna aliyeniona mkubwa. Kimya changu kilimfaa yeye tu, alikilalia kama godoro. Na kile ambacho sikukisema hakikuisha, kiligeuka kufoka. Nimekufokea kwa glasi, kwa nywele, kwa alama za hesabu, kwa kucheka sana mbele ya wageni. Ulikuwa unaniangalia kwa yale macho, unashindwa kujua umefanya nini. Hukuwa umefanya kitu. Nilikuwa nagombana na mtu aliyeko Bungoma na wewe ndiye uliyekuwa karibu. Kwa hilo sina kisingizio, na sikuombi unihurumie.

Usukani pia niliuacha. Watu walidhani ni woga. Haukuwa woga. Sikutaka tena kukalia kitu ambacho sijafungua kila skrubu yake kwa mkono wangu, na ujuzi huo alikuwa nao yeye. Niliyajua maji, nilijua vipimo, nilijua mlima, lakini mipira na nyaya nilimwachia kwa sababu alikuwa mume wangu na ilikuwa kazi yake. Kama kuna kitu kinachonifanya nisikufungie mlango kesho, ni hicho. Wewe unataka kujua vyote mwenyewe. Hutamwachia mtu chini ya boneti. Sawa.

Sasa jambo la mwisho. Jumatano nilikuambia naenda soko la Kibabii kuangalia kuku. Kuku gani. Nilikwenda kwenye garaji ya baba yako.

Amenenepa na ndevu zina mvi. Aliponiona alitabasamu vile anavyowatabasamia wateja. "Karibu Mama Nekesa, kiti hiki hapa." Sikukaa. Nikamwambia, "Mtoto anakuja kwako. Kabla hajafika, sema hapa mbele ya watu wako ni nani aliziba ule mpira."

Aliwatuma wote wakanywe chai. Akasema, "Rosa, hayo ni mambo ya zamani."

"Sema."

Alichukua kitambaa akawa anafuta spana ambayo ilikuwa safi. "Nilitaka isimame tu," akasema. "Ikohoe, ipoteze nguvu, isimame. Mimi nishuke, nifungue, niitoe ile goroli bila mtu kuona, iwake. Watu waone kwamba bila mimi haiendi. Hiyo tu. Sikutaka iungue. Lakini wewe ulikanyaga."

"Nilikanyaga kwa sababu ule mpira uliuziba wewe."

Niliona kwamba hata yeye hajawahi kuyasema hayo kwa sauti, na kwamba alipoyasikia yakitoka kinywani mwake yalikuwa madogo kuliko alivyodhani. Mwanamume mzima, mlima mzima, bibi harusi analia, kwa sababu Barasa alimwita turniboi. Nilitegemea kwamba akikiri nitapata nafuu. Sikupata. Nilitamani kumpiga na hiyo spana.

Akaniuliza, "Utamwambia mtoto?"

"Nitamwambia."

"Basi hatakuja."

"Atakuja," nikamwambia. "Anapenda injini kuliko anavyokupenda wewe. Na kuliko anavyonipenda mimi."

Hilo nililisema ili limuume, lakini njiani kurudi Kitale lilikuwa linaniuma mimi.

Basi nenda. Sitakuambia nakubariki, maana ningedanganya, na barua hii nimejaribu kuiandika bila uongo. Mchukulie ujuzi wake wote, usimwachie hata kidogo. Chochote utakachofunga, kiangalie kikifanya kazi kwa macho yako, hata kama mwalimu wako amekuambia kiko sawa. Na siku watu wakikusimamia kando ya barabara wakitaka useme ulikosa, nyamaza kwanza. Waache walie, waache wachelewe kanisani, mpaka uwe umefungua na kutazama.

Kesho sitakusindikiza stendi. Nitakuwa shambani, na usinitafute huko. Ukifika garaji, weka sanduku chini na usiseme kitu. Simama mbele yake, mwache akutazame usoni mpaka ajue kwamba umesoma. Akishajua, muulize kazi inaanza saa ngapi.

Ni mimi mama yako, ambaye bado ana hasira,

Rosa